Jioni ya Mfanyakazi ni Mali ya Nani?

Kila siku ifikapo saa 12 jioni, televisheni ya taifa ya Ayalandi huacha mambo yake yote kwa muda wa dakika moja na kupiga kengele. Hupigwa mara 18: tatu, tena tatu, tena tatu, kisha tisa. Ndiyo kengele ya Malaika wa Bwana, nasi tuliolelewa katika shule za misheni twaijua vizuri, maana mapadre wa Kiayalandi walikuja nayo hata huku Afrika Mashariki. Redioni kwao ilianza kusikika tarehe 15 Agosti 1950, na katika televisheni mwaka 1962. Kengele ikiisha, saa 12 na dakika moja, taarifa ya habari huanza.

Hivyo ndivyo jioni inavyofunguliwa katika nyumba ya Mwayalandi. Mtu ametoka kazini, iwe kiwandani, bandarini, hospitalini au shambani. Amevua viatu, chai imekwisha kuandaliwa, watoto wako miguuni pake. Saa zilizobaki kabla ya kulala ni nne, au tano akijitahidi. Mchana wake amekwisha kuuuza kwa mwajiri. Saa hizi ndizo zake yeye. Walakini akikaa mbele ya kioo kile, saa hizo nazo huchukuliwa. Twauliza basi: ni nani azichukuaye, na kwa bei gani, na mwenye saa hupewa nini badala yake?

Ndugu msomaji asishangae kwamba tumekwenda kulitafuta jibu Ulaya. Ayalandi ni nchi ndogo. Jamhuri yake ina watu milioni tano na kidogo, nayo imekaa ubavuni mwa Uingereza iliyoitawala kwa mamia ya miaka hadi mwaka 1922. Bendera ya Mwingereza iliposhuka, lugha yake haikushuka. Ilibaki madukani, mahakamani na vinywani mwa watoto. Kwa hiyo televisheni ya Mwingereza ilipoanza kuvuka mpaka na bahari, haikuhitaji mkalimani. Tangu mwaka 1953 matangazo ya BBC yalirushwa kutoka Belfast, na mwaka 1959 kampuni ya biashara ya Ulster ikaongezeka. Katika Dublin na miji mingine ya pwani ya mashariki, wenye uwezo walisimamisha juu ya mapaa yao antena ndefu kama milingoti ya majahazi, zote zimeelekezwa kwa jirani. Mpita njia aliweza kuyatazama mapaa yale akajua jioni za watu zimekwenda wapi. Zaidi ya miaka thelathini baada ya kujitawala, nyumba hizo zilikuwa zikifunga usiku wao kwa wimbo wa kumwombea Malkia wa Uingereza.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1961 Telefís Éireann ikafunguliwa. Rais Éamon de Valera, aliyekuwa kamanda katika maasi ya 1916, alisema na taifa. Aliyetazamia maneno ya furaha tupu hakuyapata. Mzee yule alikiri kwamba akikifikiri chombo hiki na nguvu zake huingiwa na hofu, akakilinganisha na nguvu za atomiki: chaweza kuleta heri isiyopimika, chaweza pia kuleta madhara yasiyotengenezeka. Usiku uo huo ikaonyeshwa ibada ya Baraka ya Sakramenti, na kutoka Hoteli ya Gresham, katika barabara kuu ya Dublin, muziki na shangwe za mwaka mpya. Rais alikuwa na kiti chake, Kanisa lilikuwa na chake, na starehe ya hotelini ilikuwa na chake. Mfanyakazi alipewa kazi ya kutazama.

Naye alitazama nini? Mkurugenzi Mkuu wa kwanza, Edward Roth, alikuwa Mmarekani, na sehemu kubwa ya vipindi vya miaka ile ya mwanzo ilinunuliwa ng'ambo. Sababu yake haina siri. Filamu ambayo gharama zake zimekwisha kurudishwa na watazamaji wa Marekani huuzwa kwa nchi ndogo kwa bei ndogo sana, haifiki hata robo ya gharama za kutengeneza mchezo wenu wenyewe nyumbani. Ni biashara ya mitumba, nasi twaijua mitumba: nguo ni nzuri, bei ni nafuu, ila fundi cherehani wa mtaani hukaa bila kazi, na baada ya miaka kadhaa hakuna tena ajuaye kukata kitambaa. Tena shirika lile tangu mwanzo liliendeshwa kwa mifuko miwili, ada ya leseni anayoitoa mwenye televisheni, na fedha za matangazo ya biashara. Maana yake mtazamaji alilipa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akauzwa yeye mwenyewe kwa wauza sabuni.

Wazee wa vijijini walikuwa na lalamiko jingine. Kazi ya kupeleka umeme mashambani ilikuwa imeanza mwaka 1946, na kabla ya taa na kioo, jioni ya Mwayalandi wa shamba ilikuwa motoni. Majirani waliingia bila kubisha hodi, wakakaa kuzunguka moto wa mboji kavu iliyochimbwa matopeni, wakapiga hadithi na kufidla. Kisha nyumba ikapiga magoti kwa Rozari. Televisheni ilipoingia, nyumba ya kwanza kuipata ilijaa majirani kuliko wakati mwingine wowote, lakini walikuja kunyamaza. Na kila nyumba ilipopata yake, hawakuja tena. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hatutaki kuipunguza kwa maneno. Ila yatupasa kusema pia kwamba moto ule ulikuwa na mambo yake ambayo hayakutajwa kamwe mbele yake, na waliofaidika na ukimya huo walikuwa wachache.

Mwaka 1965 shirika lilianza mchezo wa mfululizo ulioitwa The Riordans. Watu wake walikuwa familia ya mkulima katika kijiji cha kubuni kiitwacho Leestown, wilaya ya Kilkenny. Jambo moja liliufanya mchezo huu uwe tofauti na mingine ya wakati wake: haukuchezwa ndani ya chumba chenye kuta za mbao na taa. Gari la matangazo ya nje, lile lililozoea kupelekwa kwenye mechi na mazishi ya wakubwa, lilipelekwa katika shamba la kweli huko Dunboyne, wilaya ya Meath. Ng'ombe walikuwa ng'ombe. Matope yalikuwa matope. Mvua ikinyesha, wachezaji walilowa. Yasemekana Waingereza walipoanzisha mchezo wao wa shamba mwaka 1972 walikuwa wameutazama huu kwanza.

Mkulima wa Ayalandi akauona mwili wake mwenyewe katika kioo kwa mara ya kwanza. Hapo awali alikuwa amemwona mchunga ng'ombe wa Texas mwenye bastola mbili, ambaye hata siku moja hakuonekana akimkamua ng'ombe. Sasa alimwona mzee Tom Riordan asiyetaka kumwachia mwanawe Benjy shamba wala uamuzi, na mama Mary aliyekaa katikati yao. Alimwona Batty Brennan, kibarua wa shamba, mtu wa mshahara mdogo ambaye maisha yake yote yamepita katika udongo usio wake. Mambo ya kilimo bora yalitiwa ndani ya mazungumzo, na mkulima ambaye asingekwenda kumsikiliza bwana shamba alimsikiliza Benjy. Miaka ya 1970 mchezo ukagusa jambo zito zaidi: Maggie, mke wa Benjy, anaambiwa kwamba kuzaa tena kwaweza kuhatarisha maisha yake. Afanye nini? Wakati huo sheria ya Ayalandi, tangu mwaka 1935, ilikataza kuuza dawa na vifaa vya kuzuia mimba. Ilianza kulegezwa kwa sheria ya mwaka 1979 tu. Hilo lilikuwa swali la maelfu ya wanawake walioosha vyombo wakati mchezo ukiendelea, na hapakuwa na mahali pengine pa kuliuliza ila masikioni mwa padre.

Twaweza kubishana kama michezo ni kazi ya dola. Wapo wasemao kwamba fedha za umma zisitumike kwa porojo za familia ya kubuni, bali kwa habari na elimu. Sisi hatuafiki. Mtu aliyesimama kwa saa nane mbele ya mashine hataki hotuba usiku. Ukimpa hotuba atazima, au atageuza antena kwa jirani. Anachokitaka ni kupumzika, naye ana haki hiyo. Swali ni kama mapumziko yake yatakuwa na sura za watu wa aina yake, au kama kila usiku atapumzika katika nyumba ya mtu mwingine.

Mchezo ulifutwa mwaka 1979, na wengi hawakukubali. Mwingine wa mashamba, Glenroe, ulichukua nafasi tangu 1983 hadi 2001, nao ulikuwa wa Jumapili usiku. Maelfu ya watu wazima wa Ayalandi hata leo wakisikia wimbo wake hukumbuka kwamba kesho ni shule na kazi za nyumbani hazijafanywa.

Lakini aliyeigeuza jioni kuwa baraza ni Gay Byrne. Kipindi chake, The Late Late Show, kilianza Julai 1962 kama jambo dogo la kujaza msimu wa kiangazi, naye akakiongoza hadi mwaka 1999. Kilikuwa na nyimbo, vichekesho, waandishi, wachezaji wa filamu, na watu wa kawaida waliokaa ukumbini na kupewa nafasi ya kusema. Februari 1966, katika mchezo wa kupima kama mume na mke wanajuana, mke mmoja aliulizwa usiku wa arusi yake alivaa vazi la kulalia la rangi gani. Akajibu kwa mzaha kwamba labda hakuvaa kitu. Kesho yake Askofu wa Clonfert, Thomas Ryan, alipanda mimbari kukilaani kipindi na kuwataka waumini walalamike. Magazeti yaliandika, shirika likaomba radhi. Mbunge mmoja, Oliver Flanagan, anakumbukwa hadi leo kwa kudai kwamba kabla ya televisheni hapakuwa na mambo ya mapenzi katika Ayalandi. Watu walicheka sana, na kicheko chao kilisema mengi kuliko hoja za pande zote mbili.

Sisi tuliosomeshwa na mapadre hatuwezi kucheka kwa wepesi namna hiyo. Twajua kwamba Askofu yule hakuwa mtu mbaya, wala heshima ya ndoa si jambo la kudhihakiwa. Hata hivyo hofu yake haikuwa juu ya nguo. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kawaida alikuwa ameulizwa jambo la maisha yake mbele ya taifa, akajibu bila kumtazama mtu usoni kuomba ruhusa. Miaka mitano baadaye, Machi 1971, wanawake wa chama kipya cha ukombozi wa wanawake walikaa katika kipindi hicho wakaeleza jinsi sheria inavyowaonea. Mbunge Garret FitzGerald alikuwa nyumbani kwake akitazama. Maneno yao yalipowagusa wabunge, alitoka nyumbani, akaenda hadi studio, akaingia usiku uo huo kujibu. Huyo baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Tafakari jambo hilo, ndugu: mwakilishi wa watu aondoke kitini pake usiku kwa sababu ameitwa na wananchi kupitia kioo. Ni mabunge mangapi yenye uwezo huo?

Sasa tufike kwenye fedha, maana hapo ndipo wafanyakazi walipouona upande wa pili wa chombo hiki. Novemba 1969 kipindi cha 7 Days kilionyesha jinsi wakopeshaji wasio na leseni walivyokuwa wakiwakamua maskini wa Dublin kwa riba za kutisha, wakiwatia hofu wasiolipa. Akina mama walieleza wenyewe mbele ya kamera. Serikali ilifanyaje? Waziri wa Sheria alikana Bungeni ukubwa wa jambo hilo, kisha ikaundwa tume ya uchunguzi, si ya kuwachunguza wakopeshaji, bali ya kukichunguza kipindi. Mashahidi waliulizwa kwa wiki nyingi jinsi picha zilivyopigwa na hesabu zilivyopatikana. Ripoti ya mwaka 1970 ilisema kwamba watangazaji walikuwa wameongeza chumvi. Yamkini waliongeza. Lakini mama aliyekuwa na deni alibaki nalo, na watengenezaji wa vipindi walijifunza ni milango gani isigongwe.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Oktoba 1966, Waziri Mkuu Seán Lemass alikuwa amesema Bungeni bila kuficha kwamba shirika la utangazaji ni chombo cha kutekelezea siasa ya taifa, na kwa hiyo lina wajibu kwa serikali. Ugomvi ulikuwa juu ya wakulima waliokuwa wakivutana na Waziri wa Kilimo. Sisi tunaoandika katika gazeti la chama hatuwezi kulipita neno hilo kwa kufumba macho. Wengi wetu tumewahi kulisema, na tumelisema kwa nia njema. Chombo cha umma ni cha umma, umma umechagua serikali, basi chombo kiifuate serikali: hoja inaonekana imenyooka kama uzi. Ayalandi ilizifuata hatua zake zote hadi mwisho, nasi twaweza kuona ulikokwenda kuishia.

Kifungu cha 31 cha sheria ya utangazaji ya mwaka 1960 kilimpa waziri uwezo wa kuliagiza shirika lisitangaze jambo fulani. Mwaka 1971, vita vya Kaskazini vilipokuwa vikipamba moto, kifungu kikatumiwa kuwazuia wasemaji wa makundi yenye silaha. Novemba 1972 redio ya shirika ilieleza mahojiano yaliyofanywa na kiongozi wa IRA. Serikali ikaifukuza bodi nzima ya shirika, na mwandishi aliyeyafanya, Kevin O'Kelly, akahukumiwa kifungo kwa kukataa kusema mahakamani jambo la siri ya kazi yake. Mwaka 1976 amri ikakazwa, chama cha Sinn Féin kikatajwa kwa jina. Hatuwatetei waliotega mabomu katika maduka yaliyojaa watu, na serikali iliyoogopa vita kuvuka mpaka ilikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini shirika, kwa woga wa kukosea, liliipanua amri kuliko ilivyoandikwa.

Mwaka 1990 wafanyakazi wa kiwanda cha keki huko Finglas, mtaa wa makabwela wa Dublin, waligoma. Mwenyekiti wa kamati ya mgomo alikuwa Larry O'Toole. Alitaka kusema juu ya mgomo, yaani juu ya mikate ya watu na si juu ya bunduki. Televisheni na redio za taifa zikakataa kumsikiliza, kwa kuwa alikuwa mwanachama wa Sinn Féin. Mgomo ukabaki bila kinywa chake wenyewe walichokichagua. O'Toole alikwenda mahakamani akashinda mwaka 1992, na Mahakama ya Juu kabisa ikathibitisha ushindi wake mwaka 1993. Januari 1994 amri yenyewe ikaachwa ife. Kwa zaidi ya miaka ishirini kizuizi kilichowekwa kwa ajili ya vita kilikuwa kimelizoesha shirika kunyamaza, hata kikafika kumfunga mdomo mwoka keki. Hilo ndilo twalotaka wanachama walione: haikuwa kampuni ya kibepari iliyomnyima O'Toole sauti. Ni shirika la umma, lililolipiwa kwa ada yake mwenyewe.

Shirika hilo hilo, kwa fedha hizo hizo, lilitengeneza mwaka 1980 mfululizo wa Strumpet City, na hapa twasema bila kusita kwamba hakuna mfanyabiashara ambaye angethubutu. Hadithi ni ya James Plunkett, aliyekuwa mtumishi wa chama cha wafanyakazi chini ya Jim Larkin kabla ya kuwa mmoja wa watayarishaji wa kwanza wa televisheni ya taifa. Ilieleza mwaka 1913, waajiri wa Dublin walipowafungia nje maelfu ya wafanyakazi kwa kosa la kutokataa chama chao. Peter O'Toole, mchezaji wa sifa duniani, alikuwa Larkin. Wajukuu wa waliofungiwa nje walikaa sebuleni kwao wakawaona babu zao wakisimama katika baridi, njaa ikiwa tumboni na kadi ya chama mfukoni. Vitabu vya shule havikuwa vimewapa jioni kama ile.

Pengine msomaji atadhani kwamba watu wenyewe hawakujali, kwamba wangeridhika na vipindi vya Mwingereza mradi viko safi. Jambo hilo lilijaribiwa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilitaka kuchukua televisheni ya BBC na kuirusha nchi nzima, ili watu wa magharibi na kusini waliokuwa na stesheni moja tu walingane na wa Dublin. Maoni ya watu yalipoulizwa mwaka 1975, wengi walichagua stesheni ya pili ya kwao. Ikafunguliwa mwaka 1978. Na wale wanaosema Kiayalandi katika vijiji vya magharibi walikuwa na kiu kubwa zaidi, kwa maana jioni yote ilipita nyumbani mwao kwa lugha isiyo yao. Mwaka 1987 watu wa Ros Muc walirusha televisheni yao wenyewe bila leseni, kwa mitambo ya kuungaunga. Wengine walikataa kulipa ada, na wapo waliokwenda jela. Tarehe 31 Oktoba 1996 stesheni ya Kiayalandi ilifunguliwa, na makao yake yako Baile na hAbhann, katika nchi ya wasemaji wenyewe, mbali na Dublin. Wanaojua taabu ya kuitetea lugha ya nyumbani mbele ya lugha ya ofisini wataelewa kwa nini watu walikubali kufungwa kwa ajili ya kioo.

Leo jioni yenyewe imepasuka vipande. Baba yu na habari, binti yu na simu, mwana yu na mchezo wa kompyuta na wenziwe wasioonekana, na makampuni ya Marekani yanayouza filamu kwa mwezi yameingia ndani bila antena. Hata mechi za mchezo wa hurling, ambao ni damu ya vijiji vyao, baadhi ziliwekwa mwaka 2023 nyuma ya mlango wa malipo, na mzee asiyejua intaneti akabaki nje ya mlango. Zimebaki jioni chache tu za kukaa pamoja: fainali za taifa, uchaguzi, na usiku ule mmoja kabla ya Krismasi ambapo The Late Late Show huonyesha vitu vya watoto vya kuchezea, desturi iliyoanza mwaka 1975.

Katika hali hiyo ya udhaifu, jeraha kubwa kuliko yote lilitoka ndani. Juni 2023 ilijulikana kwamba shirika lilikuwa limemlipa mtangazaji wake mashuhuri, Ryan Tubridy, euro 345,000 zaidi ya zile zilizotangazwa kwa umma kati ya miaka 2017 na 2022. Mkurugenzi Mkuu alijiuzulu. Wabunge wakaanza kuchimbua, wakakuta akaunti ya kubadilishana matangazo kwa huduma, iliyolipia tafrija za wateja wakubwa, na viatu vya kandambili navyo vikaonekana katika orodha. Mama anayefagia ofisi usiku hulipa ada ya euro 160 kwa mwaka, kiasi kile kile alipacho mwenye jumba la vyumba kumi, na asipolipa hupelekwa mahakamani. Huyo ndiye aliyelipia kandambili. Maelfu ya nyumba ziliacha kulipa, nasi hatuwezi kuwalaumu sana, ijapokuwa twaona kwamba walimpiga aliyewaibia na pia walijipiga wenyewe.

Maana tazama mzigo umeangukia nani. Mshahara uliofichwa ulikuwa wa mtu mmoja mkubwa. Mpango wa kulitengeneza shirika unataka kupunguza kazi zipatazo 400 ifikapo mwaka 2028, nazo ni za mafundi wa sauti, wapiga picha, wahariri, makarani. Kazi zaidi zitatolewa kwa makampuni ya nje. Fundi aliyezaliwa Donnybrook karibu na mitambo ataomba kazi ile ile kwa mkataba wa miezi mitatu. Mwezi wa Julai 2024 serikali iliamua kutoa euro milioni 725 kwa miaka mitatu, 2025 hadi 2027, na ada ya leseni ikabaki palepale. Fedha hizo zimeliokoa shirika. Lakini anayetoa fedha kwa miaka mitatu huketi mezani kila mwaka wa tatu, na tumekwisha kuona katika mwaka 1969 na 1972 waziri huuliza nini akiketi.

Vyama vya wafanyakazi wa shirika hilo vinadai kazi zilindwe. Madai yao ni ya haki, nasi twayaunga mkono. Ila tungependa kuona dai la pili limeandikwa chini ya lile la kwanza: kwamba hesabu za mishahara yote mikubwa ziwekwe wazi kila mwaka kabla ya ada kutozwa, na kwamba ada yenyewe ipimwe kwa kipato cha nyumba, isiwe euro 160 kwa kila mtu awaye yote. Fedha za serikali zilizoahidiwa zinakwisha na mwaka 2027. Kabla ya hapo Bunge la Dublin litalazimika kulirudia jambo hili, na mama yule mwenye fagio atakuwa na barua ya leseni juu ya meza yake ya jikoni, akingoja kusikia.